Sifuri za Bi Mwanaharusi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeitwa ofisini. Ofisi yetu ya Tegemeo, kampuni ya kuhudumia wagonjwa majumbani, iko Yeoville hapa Johannesburg, juu ya saluni, na hakuna anayeitwa huko kwa heri. Mimi nilivaa shati jeupe nikidhani napandishwa cheo. Shati la bure!

Célestine, bosi wetu, Mkongomani wa Bukavu, ana miwani mbili: moja ya kusomea, moja ya kugombezea. Alinitandazia mezani fomu zangu zote za Bi Mwanaharusi. Fomu kumi na tano. Kila fomu ina kisanduku cha maumivu, kuanzia sifuri hadi kumi. Zote kumi na tano nimejaza sifuri. Akaniuliza: “Huyu mama ni mutu ao ni muti?”

Nikasema ni mtu, tena mtu wa Unguja. Akabadilisha miwani.

Mambo yenyewe ni haya. Bi Mwanaharusi alipigwa na kiharusi mwezi wa pili, upande wa kulia. Bima inamlipia mazoezi nyumbani. Kila siku ya kazi naenda kwake Fordsburg, nasimamia mazoezi, naandika ripoti. Lakini kabla siku thelathini hazijatimia, lazima Diane, mtaalamu wetu wa viungo, aende mwenyewe kumpima upya, alinganishe na vipimo vya mwanzo, kisha aandike kama mazoezi bado yanahitajika. Siku thelathini zinatimia Jumanne ijayo. Diane anakwenda Jumatatu. Na bima imeshaziona sifuri zangu. Imeuliza, kwa adabu kubwa, kwa nini inamgharimia mtu mzima wa afya.

Célestine akanieleza kama mtoto wa chekechea. Mgonjwa asiye na maumivu wala shida, bima inasema amepona, inamwacha. Mgonjwa asiyeonyesha maendeleo, bima inasema hana faida, inamwacha vilevile. Nikasema basi anatakiwa awe anapona bila kupona. Akasema nimeelewa vizuri kuliko alivyotarajia.

Bima ikikata, Bi Mwanaharusi atabaki juu. Anakaa ghorofa ya kwanza, ngazi ishirini na mbili, na lifti ilikufa kabla mimi sijaingia nchi hii. Tangu siku walipompandisha juu ya kiti kutoka hospitali hajakanyaga barabara. Anasema alipandishwa kama kabati, hatashushwa kama kabati. Anataka ashuke kwa miguu yake, avuke barabara, aingie sokoni, akae kwenye kibanda cha mitandio na manukato alichokaa miaka kumi na tisa, ambacho sasa anakiendesha bintiye Saida. Hana ombi jingine duniani. Na mimi, bima ikikata, narudi kuuza makava ya simu kwenye robot, taa za barabarani.

Hugues alikuwepo. Angekosa! Mhudumu mwenzangu, Mrundi, mwembamba, haoti hata jasho. Célestine akaniwekea faili lake mbele niige. Maumivu kwa kalamu nyekundu, hatua kwa kijani, malengo kwa bluu. Eti anaandika palepale mgonjwa akiwa mbele yake. Mtu asiye na siri namwogopa.

Jumanne, 5 Agosti

Niandike ukweli hapa, maana hapa hasomi mtu.

Mimi nimelelewa Tanga, nikalelewa vizuri. Bi Mwanaharusi ni rika la mama yangu. Siwezi kukaa namkodolea macho mama wa watu anainua mguu. Siku ya kwanza nilikigeuza kiti changu kikatazama ukuta, na kimebaki hivyo. Yeye anainua mguu huko nyuma yangu, mimi nahesabu. Akichoka anasema tayari. Saida ndiye humshika mkono asubuhi kabla hajaenda kufungua kibanda. Kwa hiyo mguu wenyewe sijauona hata siku moja. Ukuta naujua. Una kalenda ya buchani na ufa unaoanzia kwenye swichi.

Sasa hicho kisanduku cha maumivu nitakijazaje? Namuuliza kama watu wanavyoulizana. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Hujambo? Sijambo. Mguu nao haujambo? Haujambo, Alhamdulillah. Naandika sifuri. Sijambo ni namba gani nyingine? Na kwa kuwa jibu ni lilelile kila siku, Jumatatu huandika za wiki nzima. Huo ni mpangilio wa kazi.

Leo nimeamua kumfundisha kulalamika.

Nilianza kwa upole. Nikamweleza kwamba kuna watu ofisini wanataka kujua maumivu yake ni ngapi kati ya sifuri na kumi. Akauliza kumi ni ya nani. Nikasema ya mtu aliyeshindwa kabisa kuvumilia. Akasema maskini, basi kumi aachiwe huyo. Tisa je? Ya aliyekaribia kushindwa. Naye aachiwe yake, asije mtu mzima kama yeye akamnyang’anya. Tukashuka namba kwa namba namna hiyo, kila moja akimpelekea mgonjwa mwingine kwa sala. Tulipofika moja, nikashangilia moyoni. Akasema na moja pia iwekwe, atatokea mhitaji.

Nikamwambia, Bi Mwanaharusi, tafadhali, lalamika kidogo tu, kwa faida yako. Akaniuliza amlalamikie nani. Mola amempa kiharusi nusu, na alikuwa na uwezo wa kumpa kizima. Halafu akanituma nikale, sahani yangu ya wali wa samaki iko jikoni, imefunikwa.

Nimejaza sifuri. Samaki alikuwa mtamu mno.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata wazo! Mtu hajifunzi kulalamika kwa kuelezwa. Anajifunza kwa kumwona fundi akiwa kazini.

Fundi yupo mlango wa pili. Mama Jeannine, Mkongomani, anashona nguo chumbani kwake. Wapangaji wote wanampenda, na wote wanapita mlangoni pake kwa kunyata ili asiwaamkie. Nilimwalika aje amtazame mgonjwa. Nilimkalisha karibu na kitanda, nikakaa kwenye kiti changu, uso ukutani, fomu pajani, nikamuuliza Mama Jeannine habari za afya.

Saa moja na dakika arobaini! “Mugongo inaniuma, magoti inaniuma, hata hii jino ya nyuma, eish!” Kutoka jino akaingia kwenye baridi ya Joburg, kutoka baridi akaingia kwa mwenye nyumba, kutoka mwenye nyumba akafika kwa mumewe aliyeko Lubumbashi asiyeshika simu tangu Pasaka. Kipaji kitupu. Nilizama kumsikiliza, nikawa naandika tu, naandika, mkono wenyewe unakwenda.

Nikawa nangoja Bi Mwanaharusi aambukizwe. Nikasikia nyuma yangu kitanda kinalia. Kisha nikasikia fremu yake ya kutembelea: ko. Kimya. Ko. Kimya. Nikahesabu ko kumi na nne! Zikaishia jikoni. Bi Mwanaharusi, mwenye kiharusi, ameinuka kwenda kumpikia Mama Jeannine chai ya tangawizi kwa sababu amemwonea huruma.

Birika hakuweza kuliinua. Nilisikia akijaribu mara mbili, kisha akamwita Mama Jeannine ammiminie. Walikunywa wakiwa wameshikana mikono, mmoja analia, mwingine anamwambia ashukuru.

Nimerudi kwangu La Rochelle kichwa kinaniuma. Hatua kumi na nne! Hayo ni maendeleo au ni hatari? Nikiandika, watasema amepona. Nisipoandika, watasema haendelei. Nimeamua kutoamua. Fomu nimeipiga picha na kuituma ofisini kama ilivyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Fomu niliyoituma kama ilivyo ilikuwa na malalamiko yote ya Mama Jeannine.

Célestine alipiga simu saa moja asubuhi. Anataka kujua ni lini Bi Mwanaharusi alianza kuumwa jino, kwa nini magoti yanauma yote mawili wakati kiharusi ni cha upande mmoja, na ni dawa gani mtaalamu wa viungo anaweza kutoa kwa mume wa Lubumbashi asiyeshika simu. Nikajibu kwamba maumivu yanahama. Akakata.

Saa tatu akaniletea Hugues. Hapo hapo Fordsburg, mlangoni, na faili lake kwapani. Eti anisaidie kujiandaa kwa Jumatatu. Aliamkia vizuri, sikatai. Bi Mwanaharusi akamwita mwanangu papo hapo, neno ambalo mimi nililisubiri siku tatu.

Hugues akasema kwa ile sauti yake ya kanisani: “Kaka Mselem, mimi siulizagi mutu anaumwa ngapi. Namuulizaga ni nini anashindwa kufanya.” Kisha akauliza kwa nini kiti changu kinatazama ukuta. Nikamwambia hizo ni heshima za pwani, hawezi kuzielewa mtu wa Gitega. Akaandika kitu. Kwa bluu.

Anashindwa kufanya nini! Swali gani hilo la kumuuliza mama wa watu nyumbani kwake? Unamuuliza mtu hali, unamwombea, unakula, unaondoka. Nilimshukuru kwa ushauri, nikamwambia basi lake litamwacha.

Lakini ujio wake haukuwa wa bure. Wakati anaaga, alimuuliza Bi Mwanaharusi amelalaje. Akajibu Alhamdulillah. Mimi nikiwa nimeutazama ukuta, masikio yametulia, nikagundua kitu ambacho hajawahi kukigundua mtaalamu yeyote wa viungo katika jiji hili. Ile Alhamdulillah haikuwa sawa na ya jana.

Zinatofautiana!

Ijumaa, 8 Agosti

Siku kubwa. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, nimesikiliza, nimepanga. Naliita Jedwali la Mselem.

Alhamdulillah fupi, inayotoka haraka kabla swali halijaisha: maumivu mawili. Alhamdulillah ya kawaida inayofuatwa na “na wewe je?”: matatu. Alhamdulillah ya kuvuta pumzi kwanza: matano. Alhamdulillah ya kurudiwa mara mbili, ya pili ikiwa chini: saba. Na ile ndefu, “Alhamdulillah ala kulli hali”, macho yamefumbwa, ambayo mtu huisema akiwa hana tena la kusema: kumi kamili, maumivu yasiyovumilika.

Nimejaribu mara thelathini na moja leo. Nilimuuliza habari za mguu, za mkono, za goti, za bega, za usingizi, za chai, kisha nikaanza upya. Kufikia adhuhuri nilipata saba nne mfululizo. Nilijitangazia ushindi. Bi Mwanaharusi akasema sasa anaumwa kichwa kwa maswali. Ndiyo mara ya kwanza amelalamika tangu nimjue! Lakini kichwa hakimo kwenye fomu.

Jedwali nimelinakili kwa herufi kubwa, pamoja na maelezo, nikalibandika ukutani chini ya kalenda ya buchani ili Diane asipate taabu.

Kisha nikaenda mgahawani, nikaagiza chai ya maziwa, nikatoa fomu tupu nilizoziomba ofisini kwa kisingizio, nikaziandika upya siku zote ishirini kwa kumbukumbu. Kumbukumbu yangu ni kali sana nikiamua. Julai 14, maumivu saba. Julai 22, sita na nusu. Hatua nazo nikazipanga zipande pole pole: mbili, tatu, tatu, nne. Anapona bila kupona! Nilipofika Julai 30 kikombe kiliteleza kidogo, chai ikapenya fomu zilizokwisha kujazwa mpaka ya chini kabisa. Nimezikausha kwa tishu. Doa halionekani sana.

Hugues na afe na kalamu zake.

Jumatatu, 11 Agosti

Tathmini.

Diane alifika saa nne kamili, na futi ya kupimia, na saa ya sekunde, na begi lisilo na kitu cha ziada. Saida alichelewa kufungua kibanda ili awepo. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda anaung’ata ukaya wake wa kichwani, na nilijua anawaza nini, kwa sababu hata mimi nilikuwa nawaza hilohilo. Leo ndiyo leo.

Jambo la kwanza, Diane alikigeuza kiti changu. Bila kuniuliza! Akakielekeza chumbani, akasema nikae, niandike. Nikainamisha macho. Mguu ulikuwa ndani ya suruali na soksi nzito za baridi ya Agosti, na gauni juu yake, na kanga juu ya gauni. Mwezi mzima nimeukwepa mguu uliofunikwa mara nne.

Kitanda hadi mlango, mita nne. Akampigia saa. Sekunde thelathini na nane. Mara ya kwanza alipompima ilikuwa dakika moja na robo, na Saida alikuwa amemshika. Nilimwona kwa macho yangu anavyoutanguliza mguu wa kushoto, anavyousubiri wa kulia, midomo inakwenda, jasho juu ya nyusi. Nimekuwa nikiuhesabu mguu huu kwa mgongo. Sikujua ni kazi kiasi kile.

Kisha Diane akamuuliza swali la Hugues. Swali lilelile! Mama, ni nini unashindwa kufanya?

Nikatabasamu, nikasubiri Alhamdulillah, nikainua kidole kuelekea jedwali.

Bi Mwanaharusi akaanza kujibu. Birika likijaa maji haliinuliki. Kanga hawezi kuifunga mwenyewe, Saida anamfunga kama mtoto. Akisali lazima akae kitini, na anatamani paji lake liguse chini. Hawezi kujikuna mgongo. Hawezi kuosha nywele. Vidole vya mkono havimenyi kitunguu. Na ngazi hizo hazishukiki, miezi sita anasikiliza watu wanapanda na kushuka na anawajua wote kwa viatu. Alisema dakika ishirini, bila kulalamika hata neno moja. Alikuwa anataja tu. Saida alikuwa analia waziwazi. Mimi nilifuta jicho, maana Agosti hapa kuna vumbi.

Diane akampeleka mpaka ngazini. Saida upande mmoja, yeye upande wa pili. Bi Mwanaharusi akashusha mguu ngazi ya kwanza. Akaurudisha. Moja tu! Akasimama ameshika ukuta, anatazama chini ngazi ishirini na moja zilizobaki, akasema kwa sauti kubwa: “Nataka kushuka.”

Hapo ingekuwa imeisha vizuri. Lakini Diane aliomba fomu.

Alizipitia moja moja. Kisha akazipanga mezani kwa safu, kama mtu anayecheza karata. Akaniuliza inakuwaje mtu mmoja anywe chai siku kumi na tatu tofauti, na kila siku kikombe kimwagike pembe ileile, doa likikua kila tarehe inayofuata. Nikasema mimi ni mtu wa mazoea. Akauliza sita na nusu ni namba gani, wakati kisanduku hakina nusu. Nikamwelekeza kwenye jedwali. Akasimama mbele yake, akalisoma lote, mstari kwa mstari, taratibu sana. Nilidhani amevutiwa. “Bon, haya,” akasema.

Swali la mwisho kwenye fomu yake ni kuhusu mhudumu. Akamuuliza Bi Mwanaharusi, huduma ya Mselem anaionaje?

Bi Mwanaharusi alifumba macho. Akavuta pumzi. Akasema, “Alhamdulillah ala kulli hali.”

Tukageuka sote watatu kutazama ukutani.

Diane aliandika kumi.

Jumanne, 12 Agosti

Siku ya thelathini. Nilikwenda Yeoville bila shati jeupe.

Habari njema kwanza. Vipimo vya Diane vimekwenda bima asubuhi, na bima imekubali mwezi mwingine. Maendeleo yapo, shida ipo, kila kitu kimeandikwa kwa namba za kweli. Lengo jipya ni moja: ngazi ishirini na mbili. Saida alinitumia ujumbe wa sauti anapiga vigelegele. Nimeusikiliza mara tatu, na nimefurahi, nasema kweli, nimefurahi kama ni mama yangu.

Habari nyingine ni zangu. Célestine alikuwa amekwisha kuandika barua ya kunifukuza, miwani ya pili iko puani. Simu ikalia. Bi Mwanaharusi! Alimwambia Célestine amesikia kwamba naondolewa. Akasema mimi ni mtihani aliopewa na Mola, bado hajaumaliza, na si adabu kumwondolea mtu mtihani wake katikati. Célestine akamuuliza ana hakika. Sikusikia jibu, lakini lilikuwa refu.

Barua imewekwa kwenye droo. Haikuchanwa.

Nimepewa masharti. Kiti kitazame mgonjwa. Niandike palepale, kwa kile nilichokiona, baada ya kukiona. Célestine alinirudisha kwenye neno “baada” mara nne. Hugues atakuwa anapita kukagua fomu zangu. Nikajibu sawa, sharp, nimeelewa. Na nimeelewa kweli. Tatizo halikuwa kuandika mapema. Tatizo lilikuwa chai.

Jumatano, 27 Agosti

Wiki mbili sijaandika hapa, kazi imekuwa nyingi. Kuandika palepale kunachosha sana. Ukiangalia, huwezi kuandika. Ukiandika, huwezi kuangalia. Hugues anaweza vyote viwili kwa mpigo, na hapo ndipo namshuku.

Bi Mwanaharusi amefika ngazi tatu. Wiki iliyopita zilikuwa mbili, na kabla ya hapo moja. Diane na Saida wanamshika, mimi nasimama juu na fomu. Akifika ya tatu anapumzika, anasema wapangaji wa chini wanapika bamia leo, kisha anapanda. Nilimwambia mwendo huu ni mzuri, tusiuharakishe. Akaniuliza nina haraka ya nini kutokuwa na haraka.

Jumamosi saa nne Diane anakuja kwa jaribio kubwa. Hugues naye anakuja kushika fremu. Mimi natakiwa kuwepo, kuhesabu ngazi na kuandika namba moja tu. Moja! Nimefanya hesabu yangu. Moja, mbili, tatu, na wiki hii kila mara amesimama ya tatu. Mtu mwenye akili anaona Jumamosi itakuwaje.

Jumamosi, 30 Agosti

Nilijaza fomu jana adhuhuri, kwa utulivu, mahali pasipo na chai. Kushuka ngazi: tatu, kwa kusaidiwa. Uchovu: wastani. Mapendekezo: aendelee. Mwandiko safi. Leo nikaona asubuhi nzima imebaki tupu, nisiipoteze kusimama ngazini kushuhudia jambo ambalo limeshaandikwa. Nikaenda sokoni Fordsburg kununua kalamu za rangi. Nyekundu, kijani, bluu, na zambarau, ambayo Hugues hana.

Nikiwa nachagua zambarau, nikasikia watu wanashangilia upande wa mitandio. Nikafuata kelele. Watu wamejaa, wenye maduka wameacha maduka, Mama Jeannine analia na kushukuru kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nikapenya kwa kiwiko.

Bi Mwanaharusi alikuwa amekaa kibandani, kwenye kile kiti cha miaka kumi na tisa.

Ngazi ishirini na mbili! Na barabara! Miguu yake miwili imekanyaga chini, kanga imekaa sawa, anamnusisha mteja manukato kwa mkono wa kulia na mkono unatetemeka kidogo tu. Saida amepiga magoti anamkumbatia kiunoni. Diane ameshika saa yake ya sekunde hajui aizime au aiache. Hugues anafuta macho kwa ile karatasi anayoandikia, na kijani chote kimemganda shavuni. Nilisimama pale, sijapata kufurahi hivi tangu nije Joburg. Nilimwamkia. Akaniitikia marahaba, mwanangu, akaniuliza nilikuwa wapi wakati wa kushuka.

Diane akanyoosha mkono. Anataka fomu.

Nikaitoa mfukoni kabla akili haijanizuia. Akaisoma. Akamtazama Bi Mwanaharusi, akaitazama fomu. Hugues naye akachungulia. Nikaona wote wawili wamekwama, na kuwakwamua ni kazi yangu.

Nikachuchumaa mbele ya Bi Mwanaharusi. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba ripoti imeshaandikwa ngazi tatu, kwa kalamu isiyofutika, na bima haipendi karatasi zinazogombana. Nikamwomba, kama hana shughuli kubwa pale, arudi na mimi taratibu mpaka ngazi ya tatu kutoka juu, asimame hapo, niandike muda.